Mwonja Chai na Mswaki Usiochakaa

Kiwandani walimwita Bwana Ulimi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuonja chai. Kila asubuhi alikuta vikombe vyeupe vimepangwa kwenye meza ndefu chini ya dirisha, kila kikombe na fungu lake la majani, naye anavipitia kimoja kimoja. Anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kishindo mpaka chai inatawanyika mdomo mzima, anatulia, anatema kwenye ndoo. Akisema "ipite", magunia yanapakiwa. Akisema "irudi", hakuna wa kubisha, hata meneja mwenyewe, na meneja yule alikuwa mtu wa kubishana na saa ya ukutani.

Siri ya kazi ile ilikuwa katika ule utulivu kabla ya kutema. Watu walidhani anafikiri. Wapi! Alikuwa hayupo. Chai ikishamgusa ulimi, yeye anaondoka zake. Kuna chai iliyompeleka kwenye mteremko wenye ukungu, nyasi zinamlowesha miguu. Kuna iliyomweka barazani kwenye nyumba asiyoijua, mvua imekatika sasa hivi, na mtu yuko ndani anaimba huku anapanga vyombo. Chai mbaya nazo zilikuwa na kwao: ghala lenye vumbi, barabara ya mchana isiyo na kivuli. Alisafiri hivyo tangu ujana mpaka mvi, viatu vyake viko palepale sakafuni, na kusema kweli hakuna aliyekuwa na raha kazini kama yeye.

Sasa sikilizeni aibu yake. Mtu huyu, mwenye mdomo ulioaminiwa na kiwanda kizima, alikuwa hapigi mswaki.

Msimcheke kwanza. Haukuwa uvivu. Dawa ya meno ilimtisha tangu utotoni. Ule ubaridi wa mnanaa, ambao wengine wanausifu, kwake ulikuwa moto. Na lile povu! Povu likianza kujaa mdomoni, koo linafunga, machozi yanamlengalenga, anaona kitu cheupe kinapanda kumziba pumzi. Mama yake alikuwa anasimama mlangoni, kandambili mkononi, na mtoto akajifunza ujanja: analowesha mswaki, anaugongagonga kwenye beseni, anatema mate kwa kelele, kisha anatoka na uso wa ushindi. Ujanja huo ukakua naye, ukaota na ndevu.

Alipopata kazi ya kuonja, alipata na kisingizio. Mwonja chai hatakiwi kuja kazini na mnanaa mdomoni, maana ladha inavurugika. Hiyo ni kweli kabisa. Ila wenzake walipiga mswaki jioni, wakimaliza kazi. Yeye lile katazo la asubuhi alilivuta likafika jioni, likafika mwisho wa mwaka. Alisukutua kwa maji, siku nyingine akasugua kwa kitambaa, basi. Mke wake alikuwa anamtania: "Mume wangu, mswaki wako huu tutakuja kuwarithisha wajukuu. Haujapoteza hata unywele mmoja." Naye anacheka, midomo imefungwa.

Katika chumba cha jirani alifanya kazi mwanamke waliyemwita Bi Mizani. Yeye ndiye aliyepima majani ya shamba hili na shamba lile akayachanganya yawe chai moja ya kuuzwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayenusa kitu kabla ya kukitazama. Meneja alimpa mtihani: atengeneze mchanganyiko mpya, wa kichwa chake mwenyewe. Ukipita, chumba cha kuchanganya kitakuwa chini yake. Usipopita, atarudi kule chini kufunga pakiti, kwenye mashine zinazopiga kelele kutwa, alikotoka kwa jasho na alikoapa hatarudi. Bi Mizani aliulea mchanganyiko ule kama kichanga, na siku ilipofika akauleta mezani kwa mikono miwili.

Bwana Ulimi akafyonza, akaondoka. Akajikuta ndani ya chumba kilichofungwa. Madirisha yamepigiliwa misumari, maji yametuama sakafuni, na kuna kitu kwenye kona, hakionekani, kinaoza polepole. Akatema haraka.

"Irudi," alisema. "Ina uvundo, dada."

"Uvundo?" Bi Mizani alikodoa macho. "Uko wapi, mzee? Mwanzoni au mwishoni?"

"Mwishoni. Kwa mbali. Lakini upo."

Bi Mizani akabadilisha majani. Irudi. Akabadilisha magunia, akachemsha vijiko, akafua hata aproni yake kwa maji ya moto. Irudi. Akaongeza majani makali ya shamba la juu ili kuufukuza huo uvundo, na bado Bwana Ulimi alifyonza akajikuta mlemle, kwenye maji yaliyotuama. Watu nao, mnawajua. Meneja akaonja, akatikisa kichwa, "Ee bwana, kweli kuna kitu." Karani akasema hata yeye anakisikia. Kikombe kikazunguka jengo zima na kila pua ikakunjwa. Mwishowe Bi Mizani mwenyewe alinyanyua kikombe chake, akakaa na chai mdomoni muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo, "Sasa hata mimi nausikia." Toka hapo akawa anausikia kila mahali, kwenye mkate wake, kwenye mto wake wa kulalia. Meneja akamwambia kwamba ikifika Ijumaa achukue koti lake ashuke chini.

Alhamisi jioni Bwana Ulimi alifika nyumbani amechoka, mke wake akampa glasi ya maji. Akanywa funda moja, na kile chumba kikamfungia mlango.

Akayatema sakafuni. "Haya maji umeyatoa wapi?"

"Bombani. Palepale yalipotoka jana."

Akachota mengine mwenyewe. Akayachemsha, akayapoza dirishani, akaonja. Chumba kilekile, misumari ileile. Hapo akakaa. Aliingiza kidole mdomoni mpaka kwenye gego la mwisho, akalisugua, akakinusa kidole. Na pua ile haikuwahi kudanganya. Chai kali za kiwanda zilikuwa zinamfichia siku zote, na maji alikuwa akiyabugia tu bila kuyaonja. Ile ya Bi Mizani ilikuwa laini mno, haikuwa na cha kumfichia.

Mke wake alikuwa amesimama anamtazama. "Mimi niliujua kitambo," alisema. "Unadhani kwa nini nalala nimegeukia ukuta?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nimwambie nani? Bwana Ulimi? Ungesema pua yangu mbovu." Kisha akaona uso wa mumewe, akaacha utani, akaenda kukaa karibu yake.

Nisiwafiche: wazo la kunyamaza lilimjia. Angelitibu jino kimyakimya, nani angejua? Bi Mizani angeshuka chini, na jina lake yeye lingebaki palepale juu. Alilizungusha wazo hilo kichwani chakula chote, kijiko hakiendi mdomoni. Lakini kila alipolizungusha alimwona yule mwanamke anachemsha vijiko visivyo na kosa, na roho ikamsuta mpaka akaona haya kumtazama mkewe.

Asubuhi akaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja mcheshi mwenye mikono mipana. Daktari akamulika, akaguna. "Mzee wangu, hapa nyuma pamebomoka siku nyingi. Hili linatoka leo. Na jirani zake wawili wanapanga kulifuata."

Sindano ya ganzi ikaingia, shavu likaaga. Taa ilikuwa juu yake, nyeupe, na yeye akaanza kuelea. Alikiona chumba kile tena, ila safari hii kulikuwa na mtu nje anang'oa misumari, mmoja, mwingine, kwa subira, mbao zinalia. Kisha dirisha likafunguka lote kwa mpigo, na upepo ukaingia. "Nimemaliza," alisema daktari, na jino likalia kwenye sahani ya bati.

"Yaliyobaki utayapigia mswaki?" daktari aliuliza.

Hapo, ulimi mzito, mate yanamtoka, mzee mzima akamweleza habari za povu. Alingoja kuchekwa. Daktari hakucheka.

"Basi tusianze na povu," alisema. "Leo usiguse kitu. Kesho, mswaki mdogo, laini, maji matupu. Jioni, ukiwa umeshamaliza kuonja chai zako. Keti, inama mbele, kila kitu kidondoke chenyewe, kisiende kooni. Pumua kwa pua. Ukizoea, weka dawa isiyo na mnanaa, kiasi cha punje ya mchele. Likikushinda, tema, pumzika, urudi. Hakuna anayekufukuza."

Kutoka pale akaenda moja kwa moja kiwandani, pamba shavuni, mdomo umepinda. Bi Mizani alikuwa mlangoni kwa meneja na koti lake mkononi.

Bwana Ulimi akasema neno lake. Ganzi ilikuwa bado nzito. Ilitoka miguno mitupu.

"Nini?" meneja aliuliza.

Akarudia. Meneja akatega sikio, akakunja uso. "Mzee, sikuelewi hata kidogo. Paza sauti!"

Akajikaza kisabuni, akavuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na neno likatoka limenyooka, likapita mlangoni, likashuka ngazi hadi kwa wafunga pakiti: "Uvundo ni wangu! Ni jino langu! Sipigi mswaki!"

Jamani, kicheko! Walicheka juu, wakacheka chini. Karani alishika ukuta. Bwana Ulimi alisimama katikati, amekuwa mdogo, anatamani sakafu immeze. Mtu mmoja tu hakucheka. Bi Mizani alimtazama mdomo, akautazama mkono wake mwenyewe ulioshika koti.

"Lakini mimi bado nausikia," alisema.

Meneja, akifuta machozi ya kicheko, aliamua wangoje: jeraha la mzee lipone, aonje upya, chai ihukumiwe mara ya mwisho.

Jioni za siku hizo zilikuwa ndefu. Mke wake alimwekea kiti kando ya dirisha na beseni miguuni, akaketi naye. Jioni ya kwanza, mswaki na maji matupu, meno ya mbele tu. Zilizofuata, akaweza upande mmoja, kisha wa pili, akilikwepa jeraha. Siku ya punje ya dawa alikaa nayo mkononi mpaka mke wake akasinzia. Akainama, akafungua mdomo, akaanza. Povu likaja. Koo likataka kufunga. Akapumua kwa pua, akatazama barabarani, fundi viatu anakunja turubai, mama fulani anamwita mwanawe kwa jina refu lisiloisha, na povu, badala ya kupanda, likadondoka. Likaanguka kwenye beseni kidogokidogo, likaelea juu ya maji, likapasuka lenyewe bila kumdhuru mtu. Alilitazama kwa mshangao. Maisha yote alikuwa anapigana na kitu ambacho ukikiinamia kinajiendea. Hata hivyo hakukipenda. Siku mbili baadaye lilimshinda akatapika, akalia kwa hasira, kesho yake akarudi kitini. Mke wake akaacha kugeukia ukuta, na hilo lilimpa moyo kuliko maneno ya daktari.

Ilipofika siku ya kuonja, mezani kulikuwa na kikombe kimoja tu, chenye mchanganyiko wa mwisho wa Bi Mizani. Meneja alikuwepo, karani alikuwepo. Bi Mizani alisimama upande wa pili, mikono nyuma, amekonda. Bwana Ulimi akachota, akainua kijiko.

"Ngoja kwanza, mzee," alisema Bi Mizani. "Ukisema ni mzuri, mimi nitajuaje?"

Kijiko kikabaki hewani.

"Ulisema ni mbovu, nikausikia ubovu. Leo utasema ni mzuri, nitausikia uzuri. Ulimi wangu mimi umekwenda wapi?"

Swali lile lilimchoma kuliko sindano yoyote. Alidhani amemkosesha cheo, na cheo angeweza kukirudisha kwa neno moja. Kumbe alikuwa amemnyang'anya kitu kingine, na hicho hakuna neno lake ambalo lingekirudisha. Akakilaza kijiko mezani, akakisukuma kikombe taratibu mpaka kikawa mbele ya Bi Mizani.

"Leo mimi sisemi," alisema. "Sema wewe."

"Siwezi."

"Nitageuka nisikuone."

Akageukia ukuta. Meneja akamwashiria Bi Mizani aonje. Nyuma yake Bwana Ulimi alisikia Bi Mizani akinywa maji, akitema. Akamsikia akifyonza chai, kwa woga. Akatema. Akafyonza tena, kwa kishindo sasa. Akakaa nayo mdomoni. Ulimi wa mzee ulikuwa unacheza mdomoni kwa hamu. Alitaka kuonja kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, na aliendelea kuutazama ukuta.

"Hauna uvundo," alisema Bi Mizani.

Bwana Ulimi akafumba macho.

"Lakini si mzuri," aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshika njia. "Majani ya shamba la juu yamezidi, yanakauka kooni. Niliyaongeza kuufunika uvundo wako. Nayatoa yote. Narudi kwenye ule wa kwanza kabisa, niliokuletea siku ile. Ule ulikuwa sawa."

Mzee aligeuka. "Niuonje ukishamaliza?"

Bi Mizani alimtazama, akawaza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi uso wake ukalegea.

"Ukipenda," alisema. "Ila magunia yatakuwa yameshapakiwa."