Kitu Kilichogonga Ndani ya Wimbo wa Maksai

Kama kompyuta ingekuwa mbuzi, Ekwam angeshaipasua tumbo na kusoma utumbo wake kama mwaguzi, amalize neno. Lakini ilikuwa bati na nyaya, kwa hiyo alibaki ametega sikio kwenye spika kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana.

"Kong," ilisema spika. "Kong... kong."

Kibanda chake pale Lodwar kilikuwa cha kuwatilia watu nyimbo kwenye simu, na mwaka huo wa 2012 hakuna mteja aliyewahi kuulizia ubora wa sauti. Walitaka kelele, walipata kelele. Balaa lilikuja na mzee Akuwam na kaseti yake. Zamani mtu wa misheni alimrekodi mzee bomani akimwimbia maksai wake wa madoa. Maksai alikufa katika ukame wa mwaka uliopita. Kaseti nayo Ekwam aliinakili kwenye kompyuta mara moja tu, kisha redio ikaitafuna.

"Ukiharibu wimbo wa ng'ombe wangu," mzee alisema kwa upole uliotisha kuliko fimbo yake, "usipite kwangu. Hata ukienda kisimani."

Kwa mzee ndiko alikokaa binti yake Akoru, na Ekwam alienda kisimani pale mara nyingi kuliko ngamia.

Mzee angekuja kusikiliza Jumamosi. Leo ni Jumatano, na wimbo unagonga.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa diski: inazunguka, inakwaruza, tabia zake zinajulikana. Ekwam akapanda gari hadi Kakuma, kwa Nyachuol, aliyeuza vipuri vya kompyuta kwenye kambi ya wakimbizi.

"Ongeza ram, ile kumbukumbu ya muda," Nyachuol alimwambia. "Halafu agiza kicheza muziki kipakie wimbo wote humo kabla ya kuanza. Diski italala. Lakini usiweke kitu cha maana ram peke yake. Umeme ukipotea inasahau kila kitu, kama mbunge akishaapishwa."

Alhamisi diski ikalala. Kong.

Akafunga programu ya kuzuia virusi, akaondoa saa, akafuta ile picha ya milima ya theluji iliyokuwa ikipamba kioo. Rael, aliyeuza chai mlango wa pili, alisimama akimtazama.

"Sasa umeondoa saa ndio ng'ombe aimbe?"

"Anayeimba ni mzee. Kila programu ikiamka inameza kumbukumbu."

"Na wewe ukiamka unameza chai yangu."

Ijumaa akachomoa feni. Kwa joto la Lodwar mashine ilidumu dakika mbili, ikazima. Akaiwasha tena, akaivika gunia bichi.

"Iko na malaria?" Rael aliuliza.

Ekwam alikuwa amesikia jambo la ajabu. Kadiri alivyonyamazisha kila kitu, ndivyo mlio ule ulivyozidi kuwa safi. Alikuwa na programu ya kuukata, na kidole kilishafika kwenye kitufe. Ila mashine ikikosea hukosea kwa mpangilio. Kitu hiki kilisita, kikasimama, kikaendelea kilipotaka. Alikuwa radhi kukosa usingizi, lakini hakuwa radhi kukosa kujua. Akaondoa kidole.

Jumamosi alirudisha feni. Mzee Akuwam aliketi juu ya kreti ya soda, Ekwam akabonyeza.

Kong. Ekwam akafumba macho. Alipoyafumbua, mikono ya mzee ilikuwa imepanda juu ya kichwa, imepinda kama pembe.

"Anakula," mzee alisema taratibu. "Sikia kengele yake. Ameinamisha shingo." Kong, kong. "Haya. Sasa ananitazama."

Rael alifika na thamosi, akaiweka chini mlangoni taratibu isilie.

Wimbo ulipokwisha, mzee alishusha mikono. "Kuna kitu kinanguruma hapo nyuma."

"Ni feni, mzee."

"Zima. Inamsumbua. Halafu kesho ulete huyu ng'ombe nyumbani, Akoru amsikie."

Ekwam aliunyoshea mkono waya wa feni, akaurudisha haraka. Mashine ingeweza kufa kwa joto, na nakala ilikuwa moja tu, ndani ya diski ile ile aliyoitukana wiki nzima. Akachomeka flashi, akanakili. Bado moyo haukutulia.

"Rael, lete simu yako."

"Imejaa kwaya."

"Futa moja."

Rael alifikiria, akafuta mbili.