Ganda Lisilosikia Maji

Sisi tuliokuwa wadogo Butembo wakati waasi walipokuwa wakibadilisha jina kila msimu wa maharage, hatukuugua kama watoto wa leo. Mtoto wa leo akipiga chafya, mama yake anaingia kwenye simu, na kabla chai haijapoa ameshaagizwa majani yaliyosagwa na kijana fulani mwenye kipaza sauti. Sisi tulikuwa na Mukaka, ndivyo Wanande tunavyomwita bibi. Mukaka hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa na pua.

Jikoni kwake, juu ya harufu ya sombe, yaani kisamvu, na moshi wa kuni, kulikuwa na harufu ya dawa zake. Majani aliyachemsha kwa maji. Mizizi aliipasha polepole katika mawese. Na ganda la ule mti wa miiba wenye maua mekundu, uliokuwa uzio wa shamba letu, alililoweka katika kanyanga, pombe kali ya kienyeji inayoshika moto ukiisogezea kiberiti. Ukimuuliza kwa nini kila mmea una kinywaji chake, alijibu: "Unaulizaka sana. Kamata pilipili, utwange."

Tatizo lilikuwa kanyanga. Baba alikuwa shemasi, na katika kanisa letu la Kiprotestanti mtu akikutwa na pombe nyumbani, jina lake husomwa mbele ya waumini wote na meza ya Bwana anaitazama kwa mbali. Kwa hiyo chupa ya Mukaka iliishi chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitenge. Baba hakuwahi kuinama kutazama chini ya kitanda hicho. Siku hizi naamini hakuinama kwa makusudi.

Mwaka mmoja risasi zilisogea karibu, tukakimbilia kijiji cha Kipese. Tulirudi kwa miguu katika juma zima la mvua, na dada yangu Kavugho, mwenye miaka saba, alirudi na mkwaruzo kwenye muundi uliogeuka kidonda. Duka la dawa lilikuwa na rafu tu. Muuguzi wa zahanati alitazama ule mguu, akamwambia Mama: kikifika kwenye mfupa, mtoto apelekwe Beni akakatwe. Na njia ya Beni wakati ule ilikuwa na vizuizi vingi kuliko madaraja.

Mukaka akatoa chupa. Asubuhi na jioni aliosha kidonda, na Kavugho alipiga kelele hadi majirani wakadhani askari wameingia. Siku ya nne, kingo za kidonda zilianza kukauka.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, mwanasayansi wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa mchepuo wa biolojia na kemia, mwenye kadi ya vijana wa kanisa walioapa kutogusa pombe. Mwalimu alikuwa ametuandikia ubaoni kwamba maji ndiyo kiyeyushi cha ulimwengu mzima. Wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kututembelea Jumamosi. Basi nikamwaga kanyanga nyuma ya choo, nikachemsha ganda katika maji safi, nikajaza chupa. Rangi ilikuwa nzuri kabisa. Kwa sufuria moja nilikuwa nimemwokoa Baba na aibu, Mukaka na dhambi, na kemia na ushirikina. Sikumwambia mtu.

Kavugho akaacha kupiga kelele. Nililichukulia hilo kuwa ushindi! Baada ya juma moja kidonda kilikuwa kinatoa maji na kunuka, na Mama alikuwa ameanza kukunja nguo za safari ya Beni. Mukaka akafungua chupa, akanusa.

"Hii chupa haina tena na pua. Nani aliigusa?"

Nikakiri, nikamtaja mwalimu, nikamtaja na kiyeyushi cha ulimwengu.

"Ulimwengu ya wapi?" akasema. "Ile ganda iko na kiburi. Haisikiaka maji. Inasikiaka kanyanga tu. Sasa ni weye utaenda kuitafuta. Na ile kadi yako ya kanisa, uende nayo."

Alitia ganda lililotwangwa katika chupa tupu, nami nikaenda mchana kweupe, kadi mfukoni, hadi kwa mjane aliyepika kanyanga nyuma ya soko. Akaimimina juu ya ganda. Nikirudi, askari wa kizuizini alininyang'anya chupa, akapiga funda moja kubwa, akatema juu ya buti zake.

"Nini oyo?"

"Dawa ya kidonda, afande."

Alinirudishia upesi, akifuta ulimi kwa mkono wa shati. Ndipo nikaelewa kwa nini ganda lilitangulia kuingia.

Siku mbili baadaye, ganda lilipokolea, Kavugho alipiga kelele tena, na Mukaka akatabasamu. Kingo za kidonda zilipokauka tena, Mama akazirudisha nguo sandukuni.

Miaka ikapita, nikavaa koti jeupe la chuo kikuu na kuloweka ganda lilelile katika chupa tatu: maji, alkoli, na kimiminika kimoja chenye harufu ya petroli. Tulikausha kila kimoja, tukaweka mabaki juu ya vijidudu. Penye maji vijidudu vilistawi kama watu walio likizoni. Penye alkoli pakabaki duara safi. Nikaandika kurasa arobaini, nikawashukuru maprofesa wote. Mwenye chupa ya chini ya kitanda sikumtaja.

Juzi sokoni Butembo nilimuuliza kijana mmoja wa kipaza sauti, muuza dawa ya tumbo, presha na bahati mbaya, ameloweka maganda yake katika nini.

"Maji, papa! Tena maji ya robine, ya bomba, safi kabisa!"

Alinitazama kwa huruma ileile niliyomtazama nayo Mukaka. Sikuwa na haki ya kumcheka. Nilimcheka.

Kavugho sasa anauza vitenge Beni, na kovu lake lina urefu wa kidole. Mwaka jana nilimwambia hatimaye nani alimwaga kanyanga. Hakuacha hata kukunja kitenge.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "Mukaka alinielezeaka zamani. Alisema nikuache kwanza umalize masomo, pengine kule batakufundisha."

Kumbe nyumba nzima ilijua, ikanyamaza, ikasubiri nikue. Leo kosa kama langu lingezunguka kwenye simu za mji mzima kabla sufuria haijachemka. Natamani Mukaka angekuwepo nimpelekee zile kurasa arobaini. Angezinusa, akanirudishia.