Namba Isiyo na Nane

Wiki iliyopita nililetewa habari kutoka Bariadi kwamba mwenzangu wa darasa la jioni ametutoka, na badala ya kulia nikajikuta nacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Mtanisamehe. Marehemu alikuwa mkulima wa pamba wa Nkoma, mwenye sauti ambayo akikohoa kwao, watu wa Ipililo wanamwitikia pole. Enzi zile za vijiji vya Ujamaa tulisoma naye elimu ya watu wazima ndani ya ghala la pamba, na shida yake haikuwa hesabu, ilikuwa mama mkwe. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa, na mama wa mkewe naye akajiandikisha darasa lilelile. Kwa mila zetu Wasukuma, hao wawili hawatazamani wala hawasemezani, sembuse kukaa benchi moja. Tukapanga magunia ya pamba katikati ya ghala, mama upande huu, mkwe upande ule, na mimi nikakalishwa kwenye upenyo nipeleke maneno. Hata hivyo wazee walishasema mmoja lazima aache shule, na mkwe ndiye mdogo. Akiacha, angebaki kuweka dole gumba maisha yake yote.

Jioni moja mwalimu akataka kila mtu aandike ubaoni namba kubwa anayoipenda. Mama akajifunika kanga usoni, mkwe akapita, akaandika 12345679, akarudi mafichoni. Mama akafunua kanga, akatazama.

“Mwulize huyo mtu nane ameiacha wapi,” akaniambia. “Kama hata kufika tisa ni shida, awapishe wenye akili.”

Darasa zima likacheka. Nikageukia magunia, ingawa mwenzangu alishasikia kila neno.

“Mwambie mayu, mama yangu huyo, sijaisahau, haitakiwi. Achague tarakimu moja.”

“Saba,” akasema mama. “Sabasaba nilicheza ngoma mpaka kiatu kikakatika.”

“Basi namba yangu aizidishe kwa saba, halafu jibu alizidishe kwa tisa. Lisipotoka la ajabu, kesho siji.”

Mama akazidisha mwenyewe kwenye kibao chake. Kwa saba akapata 86419753, akaguna. “Mwambie aanze kuaga.” Akaendelea na tisa: ikatoka saba, akabeba, saba tena, akabeba, mpaka ikakaa 777777777, saba tupu kama ng'ombe wa rangi moja. Akairudisha ile nane aone, akakokotoa upya, na sifuri ikachomoza katikati ya saba kama mgeni asiyealikwa. Akaifuta nane kwa kidole.

“Mwambie abaki,” akasema taratibu. “Na kesho alete nyingine.”

Siku hizo wengine walidhani shule imekuja kuua mila, wengine wakaona mila itaifunga shule. Wale wawili walisoma mpaka wakapata cheti, na magunia hayakuondolewa. Mama akawa anatamba hadi mnada wa Mwamapalala kwamba Usukuma nzima hakuna kichwa kama cha mkwe wake, kichwa ambacho hakuwahi kukitazama. Nami najifunza hili: kazi ya mwenzako ukiiona ina pengo, ikokotoe mpaka mwisho kwanza, ndipo useme aondoke.