Keziah Aliyekosekana Nyumbani kwa Akina Harker

Glenda Harker alikuwa mtu asiyejua kukaa. Wakati akiendesha basi la shule huko Yorkshire hilo halikumdhuru mtu, maana barabara ilimla kutwa na jioni alirudi hoi. Alipostaafu, miguu ikabaki na hamu ya kwenda na pa kwenda hapana. Alipaka uzio rangi, akaona haifai, akaupaka tena. Akang'oa mawaridi upande wa jua akayahamishia upande wa kivuli, yakafa yote.

"Katafute wafu basi," Muriel akamwambia kwa kuchoka. "Sisi wazima umetumaliza."

Muriel alikuwa dada yake, mjane aliyekaa peke yake mtaa wa nyuma. Alimzidi Glenda miaka kumi na saba na ndiye ndugu pekee aliyembakia. Alisema kwa utani, lakini Glenda alilibeba neno hilo kama amri.

Akaanza kuufuatilia ukoo. Alisoma karatasi za sensa, zilizotaja kila nyumba na waliolala humo. Alisoma na rejista za parokia, ambamo makasisi waliandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Kabla ya Krismasi meza yake ya chakula ilikuwa imefunikwa na karatasi ya kupambia ukuta, upande mweupe juu, imejaa majina ya akina Harker wa kijiji cha Thornbeck: wachunga kondoo, wavunja mawe, na mmoja aliyezama kisimani akiwa amelewa. Chakula alikila kwenye kochi, sahani magotini. Kila jina alilolipata lilimtuliza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Chai ikiisha, kiu ya jina jingine imeshamrudia.

Kilichomkwamisha ni babu yake, Amos. Sensa ya mwaka 1871 ilimtaja kama mtoto wa mwaka mmoja, mwana wa Ruth Harker. Na Ruth huyo alikuwa na miaka hamsini na moja.

"Hamsini na moja, Muriel!" alisema kwenye simu. "Kazaa watoto wanane, kapumzika miaka chungu nzima, halafu eti kakumbuka kitu jikoni?"

"Wanawake wa zamani walikuwa na nguvu."

"Nguvu gani hizo? Hiyo ni miujiza ya Biblia."

Muriel hakucheka. "Waache walale, Glenda," alisema, akakata simu.

Hakuwaacha. Aliendesha gari hadi Northallerton, kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, akakaa mbele ya mashine ya kusomea picha za rejista za ubatizo hadi macho yakamwasha. Mwandiko wa kasisi wa Thornbeck ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino, lakini mstari wenyewe ulisomeka. Amos, mwana wa Keziah Harker, mwanamke asiye na mume.

Keziah alikuwa binti wa Ruth. Basi Ruth alikuwa bibi wa mtoto aliyemlea kama mwanawe. Na Keziah mwenyewe, aliyezaa akiwa na miaka kumi na saba, hakuwamo nyumbani humo sensa ilipopita. Glenda alimsaka vijiji vyote vya jirani, asubuhi hadi jioni, akisahau hata kuchana nywele. Mwishowe akampata kwenye sensa iliyofuata, mtumishi kwenye shamba moja la Askerby, ng'ambo ya bonde.

Siku ya pili yake alikwenda huko. Shamba lilikuwepo bado. Aliegemea ukuta wa mawe, upepo ukimpiga masikio, akatazama ng'ambo. Thornbeck ilikuwa mbele yake waziwazi, hata nguo zilizoanikwa ziliweza kuhesabika.

Jumapili alikula kwa Muriel kama kawaida, nyama ya ng'ombe ya kuoka na mchuzi mzito. Akaisimulia habari yote huku akichezea uma. Muriel alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Alikuwa akimwona?" akauliza.

"Nani?"

"Keziah. Alikuwa akimwona mtoto wake?"

"Nitajuaje? Rejista hazisemi mambo hayo."

"Hata zetu hazisemi." Muriel alisukuma sahani. "Cheti chako cha kuzaliwa ni kile kifupi, sivyo? Kisichotaja wazazi. Umechimba hadi wafu wa miaka mia tatu, na hujawahi kuagiza cheti chako kamili."

Glenda akaweka uma chini.

"Mimi nilipelekwa kwa shangazi, mjini Hull," Muriel aliendelea, akiitazama chupa ya chumvi. "Mama akajifungia ndani, akawatangazia majirani kwamba ana mimba. Nikarudi na sanduku. Yeye akatoka mlangoni na mtoto."

"Muriel, acha."

"Nimeacha miaka yote hii. Sasa umeshafika mlangoni, nifanyeje?"

Glenda alichukua koti akatoka. Aliendesha hadi baharini Scarborough, hakushuka, akageuza gari akarudi. Majuma yakapita asikanyage kwa Muriel. Mchana alizunguka meza yenye majina kama mnyama aliyefungwa kamba. Alishika kifutio, akakiweka. Alishika simu, akaiweka.

Ni Muriel aliyekuja, na fimbo yake, barabara ikiwa na barafu.

"Utanifungulia, au unataka nigande hapa kama samaki?"

Aliingia, akainama juu ya karatasi bila kuvua kofia. "Niko wapi?"

Glenda akamwonyesha. Majina yao mawili yalikuwa sambamba, dada na dada.

"Nimefikiria kukupandisha juu," alisema Glenda. "Sijui. Unataka?"

Muriel alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimetaka tangu mwaka hamsini na tano. Lakini usiniite mama pale dukani, we mtoto. Watadhani nimechanganyikiwa."

Glenda alicheka, kisha kicheko kikamgeukia, na Muriel akamshika kichwa akamkumbatia pale pale, kofia ikaanguka chini.

Jina la baba yake, Glenda alipewa na Muriel majira ya kuchipua. Alikuwa fundi aliyekuja kuvuta nyaya za umeme bondeni, akaondoka kazi ilipokwisha, bila kujua kitu. Glenda ameliandika kwa penseli, na juu ya jina hilo bado hapana kitu, si mzazi wala babu. Siku nyingine huwasha gari kwenda kumtafuta kwenye rejista, akafika njia panda ya kanisa, akageuza. Siku nyingine hafiki hata hapo. Anapita kwa Muriel, wanabishana kuhusu mchuzi, naye anaondoka bila kuaga vizuri, akijua kesho atarudi.