Kamba za Kisima cha Mama

Kazini kwangu Arlington nasoma visima vya Ulaya. Sijawahi kuviona, navijua kwa vipimo tu, vya miaka na miaka, kutoka Uhispania, Ufaransa, Hungaria. Kimoja kimetulia, kingine kimepanda kidogo, kingine kinashuka polepole hata jirani zake hawana habari. Mimi ndiye wa kusema maji ya ardhini yanaelekea wapi. Kisima kikiacha kuleta vipimo tunakiondoa kwenye orodha, basi, hakina tena cha kutuambia.

Najisifu kwa jicho langu. Nipe vipimo vinne tu, nitakuchorea mstari.

Mama yuko nyumbani Singida, na kisima chake alikichimba marehemu baba. Nilipohamia huku Marekani aliniomba kamba ya nailoni ya kutekea maji, maana za kule zinaoza. Nikanunua duka la vifaa hapa Hyattsville, nikampa msafiri. Baadaye akataka nyingine, ndefu zaidi. Kisha nyingine, na nyingine tena. Nikamtania kwamba anaanikia nguo za mtaa mzima, akacheka. Halafu akaacha kuomba, nami nikafurahi kwamba ile ya mwisho ilikuwa imara.

Jumamosi moja asubuhi nilimsimulia haya dada Mkenya ninayeishi naye, muuguzi, tukimenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Ngoja. Kila kamba ilikuwa ndefu kuliko ile ingine?"

"Ndiyo."

"Na ni wewe hu-check visima vya wazungu kila siku?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikatafuta meseji za Mama kwenye simu: mita kumi na mbili, kumi na tano, ishirini, ishirini na sita. Vipimo vinne. Baada ya hapo kimya, nami nikamwondoa kwenye orodha.

Nikampigia. Kule ilikuwa jioni, akapokea akihema.

"Shikamoo, Mama. Kisima kina maji?"

"Marahaba. Kisima kilishakauka siku nyingi, mwanangu. Tunateka bondeni, ndiko natoka sasa hivi."

"Mbona hukuniambia?"

Nilisikia akitua ndoo.

"Si nilikuwa nakutajia urefu kila mara? Nikajua umeelewa, maana ndiyo kazi yako." Kisha, kama anayenibembeleza, akasema, "Ile kamba ya mwisho haikupotea. Naanikia nguo."