Njiwa Wakubwa Hawahami

Mjomba alituonya mapema. Alisema njiwa mkubwa ukimhamisha atarudi alikotoka, kwa hiyo tuchinje wakubwa, tubebe makinda yakakulie huko tuendako. Nililia mpaka nikavimba macho. Nilikuwa darasa la sita, njiwa walikuwa wangu, na sikuwa mtoto wa kuambiwa jambo mara moja nikasikia. Baba akachoka na kelele zangu, akasema haya, pakia wote. Nikawaweka kwenye tenga, nikalifunika kwa khanga ya mama.

Tulikuwa tunahama kutoka karibu na Benaco kwenda Rulenge, kwenye kiwanja cha babu. Kambi ya Benaco ilikuwa imejaa wakimbizi kiasi kwamba kisima chetu kiligeuka tope kabla jua halijapanda, na miti yote ya jirani ilikuwa imeishia mafigani. Nyumba za watu waliohama ziling'olewa milango, ikapikiwa maharage. Leo naelewa, mtu amepewa mahindi makavu, atayapika kwa kuni zipi? Lakini wakati ule tulisema maneno mabaya, tena kwa sauti.

Ili milango yetu isalimike, baba akamwachia nyumba mama mmoja mkimbizi aliyekuwa akija kutulimia mihogo. Alikuwa peke yake, na hatukumuuliza wenzake wako wapi. Angelala jikoni kwetu, na mgao wake wa chakula angeufuata kambini. Kihangaza chetu na lugha yake vilielewana, kwa hiyo hapakuwa na taabu ya maneno.

Kule Rulenge tuliwafungia njiwa kwenye banda la kuku mpaka mama akaona wametulia. Nikawafungulia. Wakubwa wakapaa, wakazunguka juu ya paa, hao, wakaelekea walikotoka. Yakabaki makinda yananitazama. Mjomba alikuwepo, akaendelea kunywa uji wake. Heri angenisema.

Jumamosi baba akanipakia kwenye baiskeli tukawafuata. Tuliwakuta uani, wanadonoa mahindi ya njano miguuni pa yule mama. Yalikuwa mahindi ya msaada, ya mgao wake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa anacheka, na sikuwahi kumwona akicheka. "Wamerudi kwao. Nimetoka nje asubuhi nikawakuta juu ya banda lao. Nimewaambia, nyie mmeweza."

Akamgeukia baba, akamwomba awaache pale. Atawalisha, akasema, na mtoto atakuja kuwaona wakati wa likizo. Baba akanitazama. Nilimjua, alikuwa tayari kukubali, alisubiri neno langu tu.

"Ni wangu," nikasema.

Yule mama hakubisha. Kwa kuwa mimi walinikimbia, aliwakamata yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akanipa mkononi.

Safari hii, huko Rulenge, hatukutaka mchezo. Mama yangu alishika, mimi nikakata kwa mkasi manyoya ya bawa moja la kila njiwa. Wengi hufanya hivyo. Mpaka manyoya yaote tena, ndege keshapazoea. Ila njiwa asiyeruka hafiki juu, analala chini sakafuni, na hilo sikuliwaza. Kicheche aliingia kwa chini ya mlango. Asubuhi nilikuta manyoya matupu. Makinda, ambayo yalikuwa yameanza kuruka na hatukuyakata, yalikuwa yamekaa juu ya boriti, mazima.

Nyumbani hakuna aliyenilaumu. Walisema ni njiwa tu, na kweli, watu walikuwa wanazikwa kila siku kule kambini, nani atamlilia njiwa? Mimi nililia, na nikaona aibu ya kulia.

Baadaye tulikwenda na baba kuangalia mihogo tuliyoiacha. Kabla hatujashuka kwenye baiskeli, yule mama aliuliza, "Njiwa hawajambo?"

Niliinamisha kichwa. Baba, mtu wa huruma kupita kiasi, akanijibia. "Hawajambo. Tumewapunguza mabawa kidogo. Manyoya yakiota watakuja wenyewe, si unawajua?"

"Nawajua," akasema. "Basi nitawangoja."

Nilimshukuru baba moyoni. Ndiyo, nilishukuru, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo kuliko mkasi. Njiani baba alisema, "Angefaidika nini kujua?" Nilifurahi kwamba ameuliza bila kutaka jibu.

Kisha wakimbizi wakatakiwa kurudi kwao. Waliondoka kwa miguu, barabara imefurika watu na mizigo, na sisi tulizipata habari tukiwa Rulenge. Hatukumuaga. Kulipotulia, baba akasema turudi nyumbani, na mjomba akatutania kwamba kumbe hata sisi ni njiwa wakubwa. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi.

Tulikuta milango yote ipo. Uani hapakuwa na mti hata mmoja. Tulijua jinsi yule mama alivyohangaikia kuni. Alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni na kafurushi ka kubeba kwapani. Lakini banda la njiwa, mbao kavu tupu, lilikuwa limesimama palepale juu ya nguzo yake. Paa lake, lililokuwa likivuja tangu enzi zetu, alikuwa amelipigilia bati la kopo la mafuta ya msaada.

Nilipanda juu ya kinu nikachungulia. Ndani kulikuwa kumetandikwa nyasi, na juu ya nyasi kulikuwa na mahindi ya njano, konzi moja hivi, yameanza kutobolewa na wadudu.

Mama akauliza kutoka chini kuna nini humo. Nikasema hakuna kitu. Halafu nikaona siwezi kumdanganya na yeye.

"Chakula cha yule mama," nikamwambia.