Jumapili Zote Zilikuwa Kavu

Andiko langu la utafiti lilirudishwa mara mbili kabla ya kupita. Mara ya kwanza msimamizi wangu aliandika pembeni kwamba swali ni pana mno. Mara ya pili aliandika kwamba swali sasa linafaa, ila sijasema data nitaipata wapi. Mara ya tatu alisaini bila maoni yoyote, na nilipomtazama niliona kwamba naye amechoka.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya takwimu tumizi kwa ruhusa ya masomo kutoka sekondari moja ya Mikumi, ninakofundisha hisabati. Ruhusa ilikuwa imebaki miezi mitano. Ilikwisha kuongezwa mara moja, na barua ya kuiongeza ilisema haitaongezwa tena. Kama Juni ingeisha bila kukabidhi tasnifu, ningerudi darasani na shahada ingebaki nusu, kama za walimu wengine wawili ninaowajua.

Swali langu lilikuwa hili: masika yakinyesha Kilosa, katikati yake kunatokea siku ngapi kavu zinazofuatana? Mkulima wa mahindi hahangaishwi sana na jumla ya mvua ya msimu. Zinazomhangaisha ni zile siku kumi au kumi na mbili za jua kali, zinazokuja mahindi yakiwa yanaanza kutoa ndevu. Ili kuzichunguza nilihitaji mvua ya kila siku, iliyopimwa mahali pamoja kwa miaka mingi.

Mahali hapo nilipajua. Katika kijiji nilikozaliwa, vilimani upande wa Kidete, kuna shule ya msingi iliyoanzishwa na wamisionari, na nyuma ya ofisi ya walimu kuna kipima mvua ndani ya kiuzio cha miti. Kwa miaka kumi na tisa kilisomwa na mtu mmoja, mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu. Alikwisha kustaafu, lakini nyumba yake iko jirani na shule, na kila siku saa tatu asubuhi alikuwa bado anakwenda na chupa yake ya kupimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Huko chuoni hawali?"

"Tunakula, Mwalimu. Ni masomo."

"Masomo hayakondeshi. Mimi nilisoma nikanenepa."

Akanitolea kaunta buku nne zilizofunikwa kwa karatasi ya kaki. "Miaka yote hii naandika mvua, hakuna aliyekuja kuisoma. Nilidhani nawaandikia panya."

Nilizifungua mezani pake. Tarehe, siku, milimita, sahihi. Ukurasa baada ya ukurasa, hakuna nafasi iliyoachwa wazi. Nilikwisha kuona rekodi nyingi zenye miezi mizima iliyotoboka, kwa hiyo nilimsifu kutoka moyoni. Alikubali sifa hiyo kwa kichwa tu, kama mtu aliyeisubiri muda mrefu. Nilipiga picha kurasa zote kwa simu hadi mgongo ukauma.

Kisha nikarudi Mikumi, chumbani kwangu kando ya barabara kuu, nikaanza kuziingiza namba kwenye kompyuta. Kazi hii haina utukufu wowote. Unasoma namba, unaiandika, unaihakiki, unakwenda ya pili. Malori yalipita dirishani na meza ikatetemeka. Mwalimu mwenzangu wa jiografia, anayepanga chumba cha pili, alikuwa akichungulia mlangoni kila jioni akitoka shule.

"Profesa, mvua imefika wapi?"

"Mwaka wa sita."

"Ikikaribia huku niambie nikaanue nguo."

Ilinichukua wiki tatu. Siku nilipofika mwaka aliofariki baba yangu, niliitafuta tarehe ya maziko, na sababu haikuwa ya kitaaluma. Nilitaka tu kuiona siku ile ilivyoandikwa na mtu mwingine. Tulimzika Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye makaburi ya kanisa lililo jirani na shule ile. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kaburi lilijaa maji, na vijana waliyachota kwa ndoo wakati kwaya ikiimba wimbo mmoja mara tatu, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

Daftari lilisema: Jumapili, 0.0.

Nilidhani nimekosea kuandika. Nikarudi kwenye picha: 0.0, na sahihi yake. Nikatazama Jumapili iliyotangulia, na iliyofuata. Kisha nikaiagiza kompyuta ichambue Jumapili peke yake. Katika miaka yote hiyo, masika na vuli, haikudondoka hata tone moja siku ya Jumapili.

Nilikaa kitini nikitazama safu ile ya sifuri. Mimi niliyekulia pale nilipaswa kujua. Ibada inaanza saa tatu.

Mwenzangu wa jiografia aliposikia alicheka hadi akaegemea ukuta. "Basi hata mvua ya kwenu ni ya Kianglikana." Alipoona sicheki, akashusha sauti. "Sikiliza. Ifunge hivyohivyo. Nani atakaa kuhesabu Jumapili?"

Nilifikiria jambo hilo kwa siku mbili. Sitasema nililikataa mara moja. Lakini swali langu lilihusu siku zinazofuatana, na hakuna siku kumi zinazofuatana zisizo na Jumapili ndani yake. Nikampigia msimamizi.

"Zipo njia za kukadiria mvua ya Jumapili," alisema, "lakini ni kazi ya mwaka. Una mwaka?"

"Sina."

"Basi nenda kamuulize jambo moja. Maji ya Jumapili aliyapeleka wapi? Kama yalibaki ndani ya kipimo mpaka Jumatatu, jumla ya wiki ni sahihi na kuna kitu cha kuokoa. Kama yalimwagwa, huna data. Usikisie. Muulize."

Nilipanda tena Kilosa, na kutoka hapo vilimani, nikitafakari njia nzima nitaanzaje. Huyu ni mwalimu wangu, na nilikuwa nakwenda kumwambia kwamba kuna kosa kwenye daftari lake. Nilimkuta anapepeta mchele barazani. Baada ya salamu na chai nikaanza mbali.

"Mwalimu, unaikumbuka siku ya maziko ya baba?"

"Nisiikumbuke? Nilikuwa kwaya. Ndoo zilizochota maji kaburini zilikuwa za shule, na moja haikurudi mpaka leo."

"Kwenye daftari, siku ile ni sifuri."

Ungo ukasimama mikononi mwake. Alinitazama kwa jicho lile la darasa la tatu.

"Ni Jumapili. Ulitaka nitoke kwenye ibada nikapime mvua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na nafasi haiachwi wazi. Nimejaza rejesta ya mahudhurio miaka thelathini. Ukiacha nafasi, mkaguzi anaizungushia wino mwekundu. Sikupima, nikaweka sifuri. Kwani sifuri si hakuna?"

Hapo ndipo utafiti wangu wote ulipokuwa umekaa. Nikaweka kikombe chini.

"Na maji yenyewe? Ulimwaga?"

"Nimwage mvua ya Mungu? Yanabaki humo. Jumatatu nayapima yote pamoja."

"Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu. Kiuzio kina kufuli, na ufunguo ninao mimi."

Nilivuta pumzi. Yeye alikuwa bado ananitazama, na sasa alionekana mzee kuliko mwezi uliopita.

"Kwa hiyo sifuri zangu zimekuharibia kazi."

"Zimeibadilisha."

Akaingia ndani, akarudi na kaunta buku zake na kalamu. "Nizifute?"

"Usifute hata moja, Mwalimu. Tafadhali. Niandikie tu ulivyokuwa ukifanya."

Aliandika ndani ya jalada la daftari la kwanza, kwa mwandiko wa ubaoni, kwamba Jumapili hakupima na kwamba maji yake yalipimwa Jumatatu. Akaweka sahihi na tarehe. Nikapiga picha. Sasa ni kiambatisho cha kwanza cha tasnifu yangu.

Andiko nililiandika upya kwa siku nne. Siku kavu zikawa wiki kavu. Msimamizi alilisoma akasema, "Ni swali dogo kuliko la kwanza." Nikasema ndiyo. Mkulima anayetazama ndevu za mahindi zikikauka siku ya tisa hatapata jibu lake kwangu, na hilo nimeliandika kwenye sura ya kwanza, aya ya mwisho. Msimamizi akasaini. Kufikia mwisho wa Juni ilikuwa imebaki miezi mitatu na siku kidogo.

Kompyuta huanza wiki Jumatatu. Niliibadilisha ianze Jumapili, ili siku zile mbili zisitenganishwe. Kisha nikaenda kwenye mwaka ule, nikaanza kujumlisha na wiki ya maziko. Jumapili, 0.0. Jumatatu, 71.5. Namba hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe siku kadhaa nyuma, na nilikuwa nimeipita bila kuitazama.